Barghash bin Said: Sultani aliyetajirishwa na kutikiswa na mvuke

MLANGO wa Fundo ni njia ya maji yenye kina, iliyopo kati ya kisiwa cha Fundo na kile cha Uvinje, upande wa magharibi wa Pemba. Ni mojawapo ya njia zinazotumiwa na vyombo vinavyotoka bahari kuu kuelekea Wete. Fundo yenyewe ni kisiwa chembamba cha mawe ya matumbawe, na watu wake wanajulikana zaidi kwa uvuvi kuliko kilimo. Mikarafuu iko ng'ambo, kwenye vilima vya Pemba. Lakini bahari inayokizunguka kisiwa hicho iliona mengi katika miaka ya 1870 na 1880, pale karafuu za Pemba zilipoanza kuzipiku zile za Unguja, na pale majahazi ya tanga yalipoanza kukutana na vyombo vya moshi.

Mtawala wa Zanzibar wakati huo alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Wengi wanamkumbuka kwa jumba la Beit al-Ajaib na kwa maji ya bomba aliyoyaleta mjini. Mkulima wa karafuu na mfanyabiashara mdogo wana sababu nyingine ya kumfahamu. Ni vigumu kumpata mtawala mwingine wa pwani hii ambaye mali yake ilitegemea kiasi kile jambo moja la kawaida kabisa: maji yakipata joto hugeuka mvuke, mvuke ukipoa hurudi kuwa maji, na mgandamizo, ambao mitaani huitwa presha, ndio unaoamua mageuzi hayo yatokee katika joto gani. Jambo hilo lilimletea kimbunga kilichong'oa mashamba ya Unguja, likampa Pemba yenye utajiri, likampa meli, na mwishowe likaleta manowari za wageni mbele ya nyumba yake.

Uhamishoni Bombay

Barghash alizaliwa mwaka 1837, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Maskat na kusukuma upandaji wa mikarafuu Unguja na Pemba. Baba yake alifariki dunia melini mwaka 1856, akirejea kutoka Oman, na Barghash alikuwamo katika safari hiyo. Kiti kilichukuliwa na kaka yake, Majid.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid akiungwa mkono na baadhi ya ndugu zake, wakiwemo dada zake Khole na Salme. Jaribio lilivunjwa kwenye shamba la Marseille kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza, na yeye akapelekwa uhamishoni Bombay, ambako alikaa takribani miaka miwili.

Kwa kijana wa miaka 22 aliyezoea kungoja kaskazi na kusi ndipo chombo kitoke bandarini, Bombay ilikuwa shule. Reli ya kwanza ya India ilikuwa imefunguliwa kutoka mji huo hadi Thane mwaka 1853. Viwanda vya nguo vilikuwa vimeanza, na meli za moshi ziliingia na kutoka bila kuuliza upepo unatoka wapi.

Siri ya mashine hizo zote ilikuwa moja. Maji yaliyo kwenye sufuria ya wazi pwani huchemka kwa nyuzijoto 100 na hayapandi zaidi ya hapo hata kuni ziongezwe namna gani. Kuni za ziada huyamaliza upesi tu. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke katika hali hiyo hujaza nafasi ya karibu lita 1,700. Sasa maji hayohayo yakifungiwa ndani ya boila ya chuma isiyo na pa kutokea, mvuke hubanana juu yake na kuyakandamiza. Ukifika mgandamizo wa mara 5 ya ule wa hewa ya kawaida, maji hayachemki mpaka yafike nyuzijoto 150 hivi. Mvuke wa namna hiyo ukifunguliwa mlango mdogo kuelekea kwenye silinda husukuma pistoni kwa nguvu, na pistoni huzungusha gurudumu au rafadha.

Mama lishe anayepika maharage kwenye sufuria la presha anatumia kanuni hiyo hiyo: maji yake yana joto kuliko ya sufuria la kawaida, ndiyo maana maharage huiva mapema. Na aliyewahi kuishi nyanda za juu kama Mbeya anajua upande wa pili wa habari hii. Kule hewa ni nyepesi, mgandamizo ni mdogo, maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100, na maharage hukawia jikoni.

Barghash alirudi nyumbani, akakaa kimya, na Majid alipofariki Oktoba 1870 akakalia kiti.

Aprili 15, 1872

Hakuwa amemaliza hata miaka miwili madarakani pale kimbunga kilipoipiga Unguja, Aprili 15, 1872. Ni jambo adimu kwa visiwa hivi. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huhitaji mzunguko wa dunia kuvipa mzunguko wao, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Kwa kawaida huishia Madagascar, Msumbiji na visiwa vya Mauritius. Lakini adimu si kusema haiwezekani, kama Lindi ilivyoshuhudia Aprili 1952, na kama kimbunga Hidaya kilivyokumbusha kilipofika pwani ya Tanzania, eneo la Mafia, Mei 2024.

Kimbunga ni mashine ya mvuke isiyo na chuma. Bahari ikiwa na joto la kuanzia nyuzijoto 26 au 27 hivi, maji mengi hugeuka mvuke na kupanda na hewa. Ili kilo 1 ya maji igeuke mvuke huhitaji joto la zaidi ya mara 5 ya lile linaloyapandisha maji hayo kutoka ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Joto hilo halipotei. Huondoka na mvuke likiwa limefichika ndani yake. Hewa inapopanda hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, hupoa, na mvuke hurudi kuwa matone ya maji. Hapo ndipo joto lililofichika huachiwa. Hewa ya juu hupata moto upya, huzidi kupanda, na chini yake mgandamizo hushuka zaidi, hivyo hewa ya pembeni hukimbilia kuziba pengo. Mkimbio huo ndio upepo. Maadamu bahari ya chini bado ina joto, mashine haizimiki.

Huko Unguja matokeo yalikuwa mabaya. Inakadiriwa kuwa theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ilianguka. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilisukumwa nchi kavu au kuzama, na merikebu za Sultani zikaenda nazo. Mwenye shamba aliyelala tajiri aliamka na magogo, na aliyekopa kwa kuweka rehani mavuno ya msimu unaofuata alibaki na deni pekee. Mkarafuu si mhogo: ukipandwa leo, mkulima husubiri miaka 6 hadi 8 hivi ndipo auone uzao wa maana. Kwa hesabu hiyo, shamba lililopandwa upya baada ya kimbunga lisingezaa kabla ya miaka ya mwisho ya muongo ule.

Pemba haikuguswa sana. Kilomita 50 hivi za bahari kati ya visiwa viwili zilitosha kubadili ramani ya zao zima. Bei ya karafuu ilipanda kwa sababu Unguja haikuwa na cha kuuza, na wenye mitaji wakavuka kwenda kupanda mikarafuu kwenye mabonde na vilima vya Pemba, ambako udongo ni mzuri na mvua ni nyingi. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Maji yanayotoka kwenye karafuu

Mvua nyingi inayoifaa mikarafuu ndiyo adui wa aliyeichuma. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu kilo 1 tu hivi. Maana yake, ili mkulima apate frasila 1 ya karafuu kavu, ambayo ni kilo 16, kilo 32 hivi za maji lazima zigeuke mvuke na kuondoka juu ya jamvi lake. Angetumia kuni angezimaliza nyingi. Jua hufanya kazi hiyo bure kwa siku 4 hadi 7, kama halikufichwa na mawingu.

Hapa kuna jambo ambalo mkulima wa enzi ya Barghash alilijua kwa mikono na wa leo analijua vilevile. Maji hayahitaji kuchemka ili yageuke mvuke. Hutoka kwenye karafuu katika joto la kawaida la mchana, mradi hewa iliyo juu ya jamvi bado ina nafasi ya kuyapokea. Siku ya upepo mkavu hutoka haraka. Siku ya mvuke mwingi angani, hata kama ni ya joto, hewa imekwisha kushiba na karafuu hubaki na unyevu wake. Zikirundikwa zikiwa hivyo, joto hubaki ndani ya rundo, huvunda, na kutoka pale ni mpeta: nyepesi, zimepauka, harufu imekwenda, na mnunuzi anazikata bei au anazikataa. Ndiyo sababu hutandazwa kwa unene mdogo na kupinduliwa mara kwa mara, na jioni huingizwa ndani kabla umande haujashuka. Umande wenyewe ni habari ileile: hewa ya usiku imepoa, haiwezi tena kubeba mvuke wote, na unaozidi hurudi kuwa maji juu ya chochote kilichoachwa nje.

Wakati wa Barghash karafuu ziliondoka zikiwa kavu na nzima, na mafuta yake yalikamuliwa mbali. Leo Pemba ina kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), kilichopo Wawi, Chake Chake, kinachokamua mafuta kutoka kwenye vikonyo ambavyo zamani vilikuwa na thamani ndogo. Mafuta ya karafuu yakiwa peke yake hayachemki mpaka yapite nyuzijoto 250, joto ambalo lingeyaharibu. Lakini mvuke wa maji ukipitishwa katikati ya makonyo, mgandamizo wa mvuke wa maji na ule wa mafuta hujumlishwa, na kwa pamoja huushinda mgandamizo wa hewa kabla hata ya kufika nyuzijoto 100. Vyote viwili hutoka, hupozwa kwenye bomba linalozungukwa na maji baridi, kisha hutengana vyenyewe. Karafuu ina sifa ya ajabu hapo: mafuta yake ni mazito kuliko maji, hivyo huzama chini badala ya kuelea.

Waliochuma

Haifai kuizungumzia neema ya Pemba bila kusema ilibebwa na nani. Mashamba ya karafuu yalilimwa, kuchumwa na kuanikwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Kupanuka kwa Pemba baada ya 1872 kuliongeza haja ya watu hao wakati uleule ambapo Waingereza walikuwa wakimbana Sultani aifunge biashara hiyo.

Barghash alikataa kwanza, na hesabu yake haikuwa ngumu kuielewa. Kimbunga kilikuwa kimemwondolea mapato ya karafuu za Unguja, na sasa aliombwa aache pia ushuru wa watumwa. Alitishiwa kuzingirwa kwa manowari. Juni 5, 1873 alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa mahali lilipokuwa.

Lakini Pemba iliendelea kuhitaji mikono, na bei ya mtu ikapanda kwa kuwa kumleta kulikuwa hatari. Majahazi yalivuka usiku kutoka pwani ya bara. Upande wa magharibi wa Pemba, wenye visiwa vidogo, mikoko na milango ya maji kama ule wa Fundo, ulifaa sana kwa kujificha.

Kuanzia mwaka 1874 Waingereza waliweka bandarini Zanzibar manowari kuukuu iitwayo London, ikiwa kama kituo cha boti ndogo zilizozunguka kuwinda majahazi. Baadhi ya boti hizo zilikuwa za moshi. Faida yake ilionekana zaidi siku za shwari, pale jahazi liliposimama kama limefungwa nanga huku boti yenye boila ikisonga. Hata hivyo, mvuke haukuwa kinga ya kila kitu. Desemba 3, 1881 nahodha wa London, Charles Brownrigg, alikuwa ndani ya boti ya moshi iitwayo Wave katika maji ya magharibi ya Pemba alipolisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa, ili kuangalia hati zake tu. Watu wa jahazi walifyatua risasi na kuirukia boti. Brownrigg aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake.

Barghash alituma askari wake chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa akiliongoza jeshi la Sultani, nao wakamkamata mwenye jahazi, Hindi bin Khatim, katika eneo la Wete. Alikufa kwa majeraha. Kwa Sultani lilikuwa jambo zito mara mbili. Wapandaji wa Pemba walikuwa raia wake na ndio waliomlipa ushuru wa karafuu. Waingereza ndio waliomlinda dhidi ya mataifa mengine, au ndivyo alivyoamini bado.

Nauli na bei

Biashara ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo vitabu vingi huipita haraka, na kwa mfanyabiashara ndiyo yenye utamu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, mwaka 1 kabla hajatawala. Mwaka 1872, mwaka uleule wa kimbunga, kampuni ya British India ya William Mackinnon ilianza safari za kila mwezi za meli ya moshi kati ya Aden na Zanzibar. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulifika kisiwani chini ya bahari. Kabla ya hapo, mnunuzi wa karafuu Unguja alinunua kwa kukisia bei ya London au Bombay iliyokuwa imepitwa na miezi. Baada ya hapo alijua bei ndani ya muda mfupi, na mzigo wake ulikuwa na tarehe ya kufika. Jahazi halikuweza kuahidi hivyo: kati ya kaskazi na kusi kulikuwa na majuma ambayo mali ilikaa ghalani ikila gharama.

Barghash hakutaka faida hiyo yote iende kwa kampuni za nje. Forodha alikuwa amezikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kama ilivyokuwa desturi tangu enzi ya baba yake, na kuanzia 1876 mkodishaji alikuwa Taria Topan. Kwa upande wa bahari Sultani aliamua kumiliki mwenyewe. Alinunua meli za moshi zilizokwisha kutumika, mojawapo ikiwa Nyanza, iliyokuwa ya kampuni ya P&O na ambayo aliipata mwaka 1880. Zilisafiri hadi Bombay zikibeba mizigo na abiria, na zilichukua pia mahujaji. Mwenye mzigo sasa alikuwa na zaidi ya mlango mmoja wa kubisha.

Meli kubwa kuliko zote kwa fahari ilikuwa Glasgow, iliyojengwa Scotland na kampuni ya Denny na kukamilika mwaka 1878, ili kuziba pengo la merikebu zilizoangamia katika kimbunga. Ilifuata sura ya manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo iliyowahi kutembelea Zanzibar. Ilikuwa na matanga na injini pia. Inasemekana haikumfurahisha, na ilikaa bandarini zaidi kuliko ilivyosafiri.

Aliendelea vivyo hivyo nchi kavu. Alijenga reli ya maili 7 kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani mwaka 1879. Mabehewa yalivutwa na nyumbu mwanzoni, kisha mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Maji ya chemchemi yaliletwa mjini kwa mabomba ya chuma, na watu wakateka bila malipo. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilisimama.

Udhaifu wa mpango huu haukuwa kwenye kupenda vitu vipya, kama baadhi ya wageni walivyopenda kumdhihaki. Ulikuwa kwenye tumbo la mashine. Boila inakula makaa ya mawe, na makaa hayakuchimbwa Zanzibar; yaliletwa kwa meli. Inataka maji matamu, kwa maana maji ya bahari yakichemshwa hutoa mvuke na kuacha chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye kuta za chuma, huzuia joto kupita na kuweza kuipasua boila. Ndiyo maana meli za wakati ule zilikuwa na chombo cha kupozea kilichogeuza mvuke uliotumika kuwa maji tena na kuyarudisha kwenye boila, huku bahari ikipita upande wa pili wa mabomba. Vyombo hivyo vilitaka mafundi waliozoea na vipuri vya kiwandani, na vyote viwili vilitoka nje. Jahazi likivunjika mlingoti, fundi wa Pemba aliukata mwingine msituni. Valvu ya Nyanza ikiharibika, barua ilikwenda ng'ambo. Sultani alimiliki chuma, lakini hakumiliki karakana iliyokizaa.

Agosti 1885

Hesabu hiyo ilikuja kudaiwa mapema kuliko alivyotarajia. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka bara akikusanya mikataba kwa machifu, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaitambua. Barghash alipinga kwa maandishi, akiyahesabu maeneo hayo kuwa yake. Agosti 7, 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri, mizinga ikielekezwa mjini.

Katika msafara huo alikuwamo dada yake Salme, ambaye sasa aliitwa Emily Ruete. Yeye aliyemsaidia katika uasi wa 1859 alikuwa ameondoka Zanzibar mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza yenye injini ya mvuke, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na kubaki mjane na watoto. Alirudi kudai urithi wake akiwa chini ya bendera ya wale waliokuja kumtisha kaka yake. Barghash alikataa kumwona.

Manowari zile hazikufyatua risasi. Boila zake zilitosha kusema kwamba zinaweza kukaa, kuondoka na kurudi wakati wowote, iwe kaskazi au kusi. Waingereza aliowategemea walimshauri akubali. Alikubali, na Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana bara na kumwachia Sultani visiwa pamoja na ukanda wa pwani wa maili 10.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa. Alikwenda Oman kutafuta nafuu, akarudi kwa meli akiwa mahututi, na akafariki Machi 1888, muda mfupi baada ya kufika nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 51 hivi. Reli ya Chukwani iling'olewa na injini yake ikawa chuma chakavu. Glasgow ilidumu miaka 8 zaidi bandarini, mpaka Agosti 27, 1896, ilipozamishwa na manowari za Kiingereza katika vita vilivyomalizika kabla saa 1 haijatimia. Mikarafuu iliyopandwa Pemba baada ya kimbunga ilikuwa wakati huo imekomaa na kuzaa, na majahazi ya tanga yaliendelea kuzibeba karafuu zake kuzipeleka Unguja kwa miaka mingi baadaye.